Kusali na Kula Sikukuu na Rafiki Mzee: Mwongozo Kamili

Mwaliko wa sikukuu kwa mtu mzee mara nyingi huishia kwenye sahani. Anachukuliwa mchana, anaketishwa kwenye kiti kizuri, anapakuliwa kuliko anavyoweza kula, watoto wanapita kumsalimia, kisha anarudishwa kwake kabla ya giza. Ameshiba, na wenyeji wameridhika. Lakini kwa mtu aliyesali Krismasi, Pasaka au Idi kwa zaidi ya miaka 60, kiini cha siku hakikuwa mezani. Kilikuwa asubuhi, kwenye safu za waumini, naye hakuwepo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumpa rafiki yake mzee siku kamili: kusali naye, kula naye, na kumrudisha nyumbani akiwa bado na nguvu za kusimulia. Yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo moja. Huyu ni muumini mwenzako, na sikukuu ni yake kama ilivyo yako, kwa hiyo maamuzi ni yake. Kazi yako ni kuondoa vikwazo vilivyo kati yake na sikukuu hiyo: ngazi, foleni, kelele, njaa, choo kilicho mbali.

Anza kwa kumuuliza

Mtembelee wiki mbili au tatu kabla. Simu inatosha kama anaishi mbali, ila ukiwa umeketi naye utaona mengi ambayo hatayataja: anavyoinuka kitini, anavyoshika ukuta akielekea jikoni, viatu anavyovaa siku hizi. Usifike na mpango uliokamilika. "Babu, nimeshakupangia kila kitu" ni kauli ya upendo, lakini inamnyima nafasi ya kuamua, na nafasi hizo uzee umeshazipunguza vya kutosha. Muulize, "Babu, sikukuu hii ungependa kusali wapi?" kisha nyamaza umsikilize.

Huenda akataja mahali ambapo hukupatarajia. Wapo wanaotaka kanisa lao la zamani, lenye nyimbo wanazozijua kwa moyo, hata kama lako lina viti vizuri zaidi. Wapo wanaotaka msikiti waliouzoea tangu ujana. Ikiwezekana hata kidogo, mpeleke anakotaka yeye. Ibada ngeni kwake, hata iwe nzuri namna gani, itamfanya awe mtazamaji.

Huenda pia akajibu, "Aa, mwanangu, nendeni tu, mimi nitawachelewesha." Usilichukue hilo kuwa neno la mwisho, wala usimbembeleze mbele ya watu. Mara nyingi nyuma yake pana sababu isiyosemeka kirahisi: anaogopa kubanwa na haja katikati ya ibada, nguo yake ya heshima haimtoshi tena, hana cha kutoa sadaka, mahubiri hayasikii, au kuna mtu pale waliokosana. Mkiwa wawili, mwambie, "Hunicheleweshi, nataka twende pamoja. Ni nini hasa kinakupa wasiwasi?" Akikuambia, sehemu ngumu ya maandalizi imekwisha, maana karibu kila moja ya sababu hizo ina namna ya kutatuliwa. Kisha mwachie achague: ibada peke yake, chakula peke yake, vyote viwili, au wewe umfuate kwake na kila kitu kifanyike huko. Akisema ibada tu inamtosha, mwamini.

Sikukuu ya kwanza baada ya kufiwa ina uzito wake. Watu wengi huepuka kumtaja marehemu wakidhani wanamlinda mjane au mgane. Yeye hajasahau, ukimya wetu unamwacha peke yake na kumbukumbu zake. Mtaje marehemu kwa jina. Muulize rafiki yako kama angependa jina hilo liombewe siku hiyo, kwa sababu makanisa mengi hupokea nia za maombi zikifikishwa mapema, na hata mezani dua fupi inatosha. Kubalianeni pia ishara ndogo, kama kukugusa mkono mara mbili, ya kukuambia kwamba anataka kuondoka. Akiitoa, mnaondoka, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Kabla hujaaga, mwombe ruhusa uzungumze na mtoto wake au anayemhudumia. Unahitaji kujua dawa anazotumia na saa zake, vyakula alivyokatazwa, kama hupaliwa anapokula, na nani apigiwe simu kukitokea jambo. Kama anaishi kwenye makao ya wazee, uliza mapema taratibu za kutoka na kurudi, na uombe dawa za mchana zifungwe aende nazo.

Saa ya ibada

Palipo na ibada zaidi ya moja, chagua kwanza kwa saa. Misa ya usiku wa Krismasi ni nzuri mno, lakini inamtoa mzee gizani, kwenye baridi au umande, wakati ambao mwili wake umeshafunga kazi. Mkesha wa Pasaka ni mrefu kuliko Misa ya kawaida: una moto, mshumaa, masomo mengi na mara nyingi ubatizo. Anayeupenda kwa moyo wote asizuiwe, ila alale mchana wake na ajue kwamba anaweza kuondoka katikati. Kwa wengi, ibada ya asubuhi isiyo na msongamano ndiyo inayofaa, na mimi naichagua hata kama kwaya kubwa inaimba kwenye ibada nyingine.

Swala ya Idi haina saa nyingi za kuchagua, kwa kuwa huswaliwa asubuhi baada ya jua kuchomoza na kupanda kidogo. Ni fupi: rakaa mbili, bila adhana wala ikama, hotuba ikifuata baada ya swala. Ugumu wake ni umati, kufika mapema, na pengine kuketi chini uwanjani. Jambo jingine la kukumbuka kwa Idi ya Ramadhani ni zakatul-fitri, sadaka ya lazima kwa maskini, ambayo hutolewa kabla ya swala. Mzee asiyetoka nje anaweza kuwa na wasiwasi nayo kimyakimya. Muulize siku chache kabla kama angependa umfikishie.

Halafu tazama dawa. Wazee wengi wenye presha au moyo uliochoka hutumia dawa ya kupunguza maji mwilini. Furosemaidi, mojawapo ya dawa hizo, ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita, na katika muda huo mgonjwa huenda chooni mara kwa mara. Akiinywa asubuhi anapotoka nyumbani, ibada nzima itapita akihesabu dakika. Si juu yako wala yake kuiruka. Aulize daktari au mfamasia siku kadhaa kabla kama dozi ya siku hiyo inaweza kusogezwa. Dawa za ugonjwa wa Parkinson ni kinyume chake: zinataka saa ileile, kwa sababu zikichelewa mwili hukakamaa, na anaweza kushindwa kuinuka kwenye benchi.

Nenda ukapaone mahali penyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Nenda siku ya kawaida, peke yako, upite njia yote atakayopita yeye, kutoka gari litakaposimama mpaka kwenye kiti.

Ngazi ziko ngapi, na zina reli ya kushika? Reli iko upande wa mkono wake wenye nguvu? Kuna mlango wa pembeni usio na ngazi? Kama kuna mteremko wa kiti cha magurudumu, usiwe mkali. Kipimo kinachotumika sana katika ujenzi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Choo kiko wapi, kinafungwa kwa ufunguo, na nani anao? Kina kitu cha kushikilia anapoinuka? Ukishakijua, utamwambia siku yenyewe kwa sauti ya kawaida, "Choo kiko mlango wa kushoto, pale karibu na bomba," naye hatahitaji kumuuliza mgeni.

Kisha chagua kiti. Mwisho wa safu, upande usiopitwa na msururu wa watu, si mbele kabisa wala nyuma kabisa. Kiti chenye mgongo na mikono ya kushikilia ni bora kuliko benchi, na kiti kifupi ni adui wa magoti. Epuka kuketi chini ya spika. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanza kwa kupoteza sauti nyembamba, zile zinazotofautisha s, f na t, kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anaongea bila kuyashika maneno. Kuongeza sauti hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumwona msemaji usoni, kwenye mwanga. Baadhi ya nyumba za ibada zina mfumo unaopeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye kifaa cha masikioni. Alama yake ni mchoro wa sikio, mara nyingi ukiwa na herufi T. Ukiiona, muulize fundi mitambo jinsi ya kuutumia.

Ukiwa hapo hapo, zungumza na msimamizi wa ibada, mzee wa kanisa au mmoja wa watu wa msikiti. Mwambie utakuja na nani na unaomba nini: kiti kihifadhiwe, meza ya Bwana iletwe alipoketi, mlango wa pembeni ufunguliwe. Watu wa ibada kwa kawaida hufurahi kusaidia wakiambiwa kabla. Asubuhi ya sikukuu hawana nafasi hata ya kusikiliza.

Mambo ya dini yanayowapa wazee hatia bure

Nimeona wazee wakijiadhibu kwa masharti ambayo dini yenyewe imewaondolea. Mkatoliki mzee anaweza kukataa kunywa chai na dawa alfajiri kwa sababu ya mfungo wa kabla ya Komunyo. Mfungo huo ni wa saa moja tu, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo hata wewe unayemsindikiza umo ndani ya ruhusa hiyo.

Kwa Waislamu, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Akiwa kwenye kiti anaashiria rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa, sijida ikiinama zaidi. Siku ya Idi ya Ramadhani ni sunna kula kitu kabla ya kwenda kuswali, jambo linalomfaa mwenye dawa za asubuhi. Siku ya Idi ya Kuchinja sunna ni kuchelewesha kula mpaka baada ya swala, lakini hiyo si faradhi, na mwenye kisukari anayetumia insulini hatakiwi kuhatarisha uhai kwa ajili yake. Kama ana wasiwasi, usimhubirie wewe. Mpigie imamu au padre wake mkiwa pamoja, alisikie kutoka kwa mtu anayemwamini. Neno hilo likitoka kwa kiongozi wake hutua moyoni kwa namna ambayo lako haliwezi.

Kusimama na kupiga magoti kanisani ni hivyohivyo. Mwambie waziwazi, "Bibi, tukisimama wewe kaa, nami nitakaa nawe." Hilo la mwisho lina uzito. Mtu anayebaki ameketi peke yake katikati ya waliosimama hajisikii kama anayebaki na mwenzake.

Asubuhi ya sikukuu

Fika mapema kuliko mlivyokubaliana, ila usimharakishe. Kuvaa, kuchana nywele, kutafuta kitabu cha nyimbo au tasbihi, kurudi kuangalia kama jiko limezimwa: hayo yote ni sehemu ya sikukuu. Panga muda mara mbili ya ule unaoutumia wewe. Msifie alivyopendeza, maana amejitahidi.

Vya kubeba havizidi mkoba mmoja:

- miwani, meno ya bandia, na kifaa cha masikioni pamoja na betri za akiba
- dawa za mchana na karatasi yenye orodha ya dawa zote
- maji, na kitu kidogo cha kula
- shali au sweta, hata kama nje kuna jua
- nguo ya ndani ya akiba, kwenye mfuko usioonyesha kilichomo
- sadaka yake, ikiwa tayari kwenye bahasha au mkononi mwake

Hilo la sadaka naliwekea mkazo. Mzee anataka kutoa chake, kwa mkono wake. Usimtolee kwa niaba yake bila kumuuliza, na kama anahitaji kuvunjiwa noti kubwa, lifanye siku moja kabla.

Kuingia kwenye gari: anageuka mgongo kwenye kiti, anarudi nyuma mpaka ahisi kiti kwenye miguu yake, anaketi, ndipo anaingiza miguu. Weka mkono wako juu ya ukingo wa mlango ili asijigonge kichwa. Kutembea: usimvute mkono wala kumkamata kwapani. Mpe mkono wako aushike yeye, juu kidogo ya kiwiko, nawe tangulia nusu hatua. Hivyo ndivyo pia anavyoongozwa asiyeona vizuri. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Kwenye ngazi, kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza mguu mbovu. Kiti cha magurudumu kwenye ukingo wa njia hushushwa kinyumenyume, na breki hufungwa kila mnaposimama, hata kwa sekunde.

Wakati wa ibada

Mkishaketi, kazi yako imepungua. Sali. Mzee akikuona unamkodolea macho kila anapokohoa atajua amekuwa mgonjwa wako, na ibada yako mwenyewe itakuwa imepotea.

Yapo machache ya kufanya bila kelele. Mfungulie ukurasa wa wimbo kabla haujaanza. Mnong'oneze neno moja au mawili ya mahubiri pale unapoona ameachwa nyuma, lakini usimtafsirie kila sentensi. Kabla ya kuinuka kwenda mahali popote, akae wima kwenye ukingo wa kiti kwa dakika moja hivi, apige miguu sakafuni, kisha asimame na kushikilia kitu, kwa sababu presha ya wazee wengi hushuka ghafla wanaposimama. Kama humeza kwa shida, mwombe kiongozi mapema ampe kipande kidogo sana cha mkate au hostia, na maji yawe karibu.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kukushangaza hapa. Mtu asiyekumbuka alichokula asubuhi anaweza kuimba wimbo wa utotoni beti zote, au kuitikia sala bila kukosea neno. Usimjaribu kwa maswali ya "Unamkumbuka huyu?" Watu wanapokuja kumsalimia, wataje wewe: "Bibi, huyu ni yule mwalimu wa kwaya, amekuja kukupa heri ya sikukuu." Akianza kuhangaika kwa ajili ya kelele, tokeni nje mkae kivulini. Nusu ya ibada iliyotulia inamfaa kuliko ibada nzima ya mateso.

Ibada ikiisha, msiinuke. Subirini umati upungue. Hiyo ndiyo nafasi ya wale wanaomfahamu kumfuata alipoketi, na kwa wengine salamu hizo ndizo walizozifuata. Usimkatishe kwa sababu chakula kinapoa.

Mezani

Panga mlo kuzunguka saa aliyozoea kula. Hili si suala la adabu peke yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akicheleweshewa chakula, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hasira isiyo ya kawaida. Kwa hiyo muwe na kitu cha kula njiani, na kinywaji chenye sukari karibu kwa dharura.

Kuhusu chakula chenyewe, muulize anachokitamani, halafu kipike kwa namna anayoweza kukitafuna. Kilichochemshwa mpaka kikalainika, kilichokatwa vipande vidogo, chenye mchuzi, kinaliwa na kila mtu mezani, kwa hiyo pikeni sufuria moja. Kumpikia chake cha pembeni, cheupe kisicho na ladha, ni kumtenga mbele ya sahani za wengine. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja cha chai. Punguza ya sufuriani na uongeze viungo, limau na vitunguu. Usikimbilie chumvi mbadala: nyingi zina potasiamu, ambayo ni hatari kwa wenye figo dhaifu na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha. Mzee anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asile ghafla mboga za majani nyingi kuliko alivyozoea, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Juisi ya balungi nayo hugombana na dawa kadhaa za kolesteroli na za presha, kwa hiyo iache kabisa siku hiyo.

Mwekee chakula kidogo kwenye sahani, aongezewe akitaka. Sahani iliyojaa pomoni inamkatisha tamaa kabla hajaanza, na mlo mkubwa, hasa wa wanga mwingi, hushusha presha ya wazee katika saa moja au mbili zinazofuata. Ndiyo maana wengi husinzia au kuyumba baada ya kula. Asiinuke mara tu anapomaliza.

Mketishe pembeni mwa mtu mmoja mwenye subira, mgongo wake ukiwa ukutani na uso wake kwenye mwanga. Zima televisheni na redio. Hili peke yake linaweza kuamua kama atashiriki mazungumzo au atakaa akitabasamu bila kusikia. Kama haoni vizuri, tumia sahani yenye rangi tofauti na chakula na kitambaa cha meza, na umweleze sahani kama uso wa saa ya ukutani: "Nyama iko kwenye namba 6, karibu nawe. Mboga ziko kwenye namba 3, kulia. Kikombe kiko juu, kwenye namba 12." Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha mwache ale.

Anayepaliwa mara kwa mara aketi wima kabisa, ale tonge dogo, ameze kabla ya kuongeza, na asiulizwe swali akiwa na chakula mdomoni. Abaki ameketi wima nusu saa baada ya kula. Vinywaji vyepesi kama maji vinaweza kumpa shida kuliko uji, ingawa watu hudhani kinyume. Akikwama kweli, hawezi kuongea wala kukohoa, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu, uvute kwa nguvu ndani na juu mara 5. Endelea kubadilisha hivyo wakati mtu mwingine anaita msaada. Na kama uso unapinda upande mmoja, mkono unaanguka au maneno yanakokoteka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Itwe gari ya wagonjwa hapo hapo, na ikumbukwe saa dalili zilipoanza.

Mpe kazi mezani. Aombee chakula. Achambue mboga kama mikono yake inaruhusu. Akija na kitu alichokipika au alichokinunua, kitolewe kwanza na kila mtu akionje. Watoto wakae karibu naye na swali moja la kweli, kwa mfano sikukuu ya kwanza anayoikumbuka ilikuwaje, nani aliwapikia, walivaa nini. Halafu wasikilize, hata kama kisa wamekisikia mwaka jana. Kisa kinachorudiwa mara nyingi kina jambo ambalo bado hajalimaliza moyoni, na anayeuliza swali jipya ndani yake anaweza kusikia sehemu ambayo haijawahi kusimuliwa.

Asipoweza kutoka

Huenda asubuhi ile magoti yakakataa, au wewe ukaamka na mafua. Ukiwa na homa au kikohozi, usiende kwake kabisa. Mwambie ukweli mhamishie siku nyingine ya sikukuu hiyohiyo. Msimu wa Krismasi katika makanisa mengi unaendelea siku kadhaa baada ya tarehe 25 Desemba, na furaha ya Pasaka ni ya siku 50 mpaka Pentekoste, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Kama tatizo ni kutoka tu, ibada imfuate. Panga kiti, kitambaa safi, mshumaa au msala, na redio, simu au televisheni ikiwa imewashwa dakika kumi kabla, mtandao usije ukawasumbua wimbo wa kwanza ukipita. Avae nguo ya sikukuu, nawe pia. Imbeni kwa sauti. Mapadre na wachungaji wengi huwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani wakiombwa, ila waombe mapema, kwa sababu wiki ya sikukuu ratiba zao hujaa. Halafu chakula kiletwe kwake, na ukishamaliza kula, osha vyombo vyote. Usimwachie jiko.

Kumrudisha

Ondokeni kabla hajachoka. Wenye ugonjwa wa kusahau hasa huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama, kwa hiyo mapema alasiri ni salama zaidi. Kama unamfungia chakula, kumbuka kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kipoze haraka, kiende kwenye jokofu, na andika juu ya chombo ni cha siku gani. Kikiliwa tena kipashwe moto mpaka kitoe mvuke kote, nyuzi 70 za Selsiasi kwenda juu.

Ukifika kwake, ingia naye. Washa taa, hakikisha njia ya kwenda chooni haina kitu cha kumkwaza, maji yapo karibu, dawa za jioni ziko mahali pake, na mkoba umerudi na miwani yake, meno yake na betri zake. Mjulishe mtoto wake au mhudumu kwamba amefika, amekula nini, na amemeza dawa zipi.

Siku inayofuata mpigie simu. Muulize miguu ikoje, amelala vipi, na ni kipi kilimchosha. Wazee hujibu "Nzuri tu" kwa swali la jumla, kwa hiyo uliza la moja kwa moja: kiti kilikuwaje, mahubiri aliyasikia, chakula kilikuwa na chumvi mno? Andika majibu mahali utakapoyapata sikukuu ijayo. Na kabla hamjaagana, mwambie siku utakayomtembelea tena, ambayo isiwe ya sikukuu.